Kuandaa gari la zamani kwa safari ndefu: mwongozo kamili

Kama gari lako lilitoka kiwandani mwaka 1965 na unataka kwenda nalo kilomita elfu mbili, anza kazi miezi miwili kabla ya siku ya kuondoka, na uimalize zikiwa zimebaki wiki tatu. Hizo wiki tatu ni za kuliendesha tu, spana ikiwa imepumzika. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote, kwa sababu gari la zamani likikwama njiani, mara nyingi wa kulaumiwa si kile kifaa kilichodumu miaka sitini. Ni kile kilichofungwa juzi: klampu ambayo haikurudiwa kukazwa, kondensa mpya (kifaa kidogo cha mfumo wa moto wa plagi) ya bei ya chini, filta ya oili iliyofungwa huku raba ya ile ya zamani bado imeng'ang'ania kwenye injini. Kifaa kipya chenye kasoro kwa kawaida hujionyesha mapema, na ni heri kijionyeshe ukiwa bado karibu na nyumbani.

Ninayoandika hapa yanahusu magari yenye kabureta, inayochanganya petroli na hewa, na pointi, swichi ndogo inayokata umeme ili plagi zitoe moto; yaani mengi ya yale yaliyotengenezwa kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Namba ninazotaja ni za kukupa picha. Kitabu cha matengenezo cha gari lako kikisema tofauti, kifuate kitabu.

Hatua ya 1: Lijue lilivyo kabla ya kufungua chochote

Liendeshe saa nzima, liwe moto hasa, redio imezimwa. Andika geji ya joto ilisimama wapi, geji ya oili ilishuka kiasi gani injini ilipokuwa inaunguruma bila kukanyagwa, breki zilivuta upande gani, na kelele ipi ilitokea kwenye kona au kwenye matuta. Ukirudi, tandika maboksi yaliyokunjuliwa chini ya gari na uliache lilale.

Asubuhi soma matone. Ya kahawia au meusi ni oili ya injini, giaboksi au difu, kulingana na yalipoangukia. Mekundu kwa kawaida ni ya gia otomatiki au ya usukani wa pawa. Ya kijani au buluu yenye harufu tamu ni maji ya rejeta. Ukikuta unyevu mwepesi wa njano upande wa ndani wa gurudumu, huenda breki inavuja, na gari hilo haliendi hata dukani mpaka lishughulikiwe.

Sasa panga kasoro zako kwa makundi matatu: zinazoua, zinazokwamisha na zinazoudhi. Watu wengi huanzia kundi la mwisho. Wanang'arisha kromu na kubadilisha kapeti, halafu wiki ya mwisho ndipo wanakumbuka breki.

Hatua ya 2: Breki

Magari mengi ya kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 yana mfumo mmoja tu wa breki za maji. Marekani ililazimisha mifumo miwili kwenye magari madogo mapya kuanzia mwaka 1968. Kabla ya hapo, paipu moja ikipasuka kwenye gurudumu lolote, breki za magurudumu yote zinapotea kwa pamoja na unabakiwa na handbreki. Kwa hiyo handbreki ya gari kama hilo usiihesabu kuwa ya kuegeshea tu. Ifanye ishike kweli.

Kama hujui umri wa paipu za mpira zinazopeleka maji ya breki magurudumuni, zibadilishe zote bila kubishana na nafsi yako. Paipu iliyochoka inaweza kuonekana nzima kwa nje huku ndani imevimba. Maji yanapita ukikanyaga, kisha yanashindwa kurudi, na gurudumu linabaki limeshikwa mpaka ngoma ya breki inanuka.

Maji ya breki ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, hufyonza unyevu wa hewani. DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishafyonza unyevu, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu, gari likiwa na mzigo na breki za ngoma, joto la kufikia hapo hupatikana bila shida. Maji yanageuka mvuke, na pedali inazama mpaka sakafuni. Kama hayajabadilishwa kwa miaka miwili, yamwage na uweke mapya.

Wakati wa kutoa hewa kwenye paipu za breki, kwa magari mengi huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedali. Mwambie anayekukanyagia pedali asiizamishe hadi mwisho. Weka kipande cha ubao chini yake. Raba za masta silinda zimezoea kusafiri sehemu ile ile ya bomba kwa miaka mingi, na mbele yake kuna ukanda wenye kutu ambao hazijawahi kuugusa. Ukizisukuma humo zinachanika, na gari lililoingia gereji na breki nzuri linatoka halina breki.

DOT 5 ya silikoni isichanganywe na hizo nyingine. Na mwenye Citroën ya mfumo wa haidroliki inayotumia LHM, yale mafuta maalum ya kijani, asiweke maji ya breki ya kawaida hata tone, maana yataharibu raba za mfumo mzima.

Ukifungua ngoma, vumbi lilifute kwa kitambaa kilicholowa. Usilipulize kwa upepo wa kompresa, kwa sababu viatu vya breki vya zamani vingi vilitengenezwa kwa asbesto. Kisha kaza virekebishi mpaka gurudumu likatae kuzunguka, na ulegeze kidogo kidogo mpaka lizunguke huru likiwa na mkwaruzo mdogo tu wa kusikika.

Hatua ya 3: Matairi

Gari la zamani halitembei sana, kwa hiyo meno ya tairi yanabaki marefu huku raba yenyewe imekufa. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000 na kazi yake ni bembea. Lililopita miaka kumi libadilishe hata kama linang'aa, na lenye nyufa ubavuni usilisubirishe hata hiyo kumi. Angalia na la akiba, maana ndilo ambalo huwa halikumbukwi.

Matairi ya radiali, ambayo nyuzi zake za ndani hupita moja kwa moja toka ukingo hadi ukingo, na yale ya nyuzi za kupishana yasikae kwenye ekseli moja. Ukilazimika kuwa na aina zote mbili, radiali ziende nyuma.

Hatua ya 4: Joto

Hapa ndipo safari nyingi za magari ya zamani hufia, na hapa ndipo ningetumia muda mwingi baada ya breki.

Anza na rejeta. Isafishe kwa maji yanayoingia kupitia mlango wa chini na kutokea juu, kinyume na mtiririko wake wa kawaida, mpaka yatoke meupe. Kisha washa injini, iache ipate moto, uizime, feni isimame kabisa, halafu upime uso wa rejeta kwa kipimajoto cha miale. Sehemu iliyo baridi kuliko jirani zake ina mirija iliyoziba. Zikiwa nyingi, peleka kwa fundi wa rejeta aifungue. Dawa za kumimina hazitazibua mirija iliyojaa chokaa ya miongo mitano.

Paipu za mpira ziminye moja moja. Nzuri inanyumbuka na kurudi. Iliyochoka ama inapondeka kama mkate uliolowa, ama inatoa mlio wa kuvunjika kwa ndani. Ya chini ichunguze zaidi. Nyingi zina springi ndani ya kuizuia isibonyee pampu inapovuta maji. Springi hiyo huoza kwa kutu, na dalili yake inachanganya: gari linatulia mjini, linachemsha barabara kuu, kwa sababu kasi ikipanda paipu inajibana yenyewe.

Kifuniko cha rejeta kina kazi zaidi ya kuziba. Kikishikilia presha ya nusu bar, maji yanachemka kwenye nyuzi 111 hivi badala ya 100. Ukiwa mita 1,500 juu ya usawa wa bahari bila presha hiyo, yanachemka karibu na nyuzi 95. Springi ya kifuniko ikilegea umepoteza akiba hiyo yote, na kipya ni kitu cha bei ndogo. Ila usifunge chenye presha kubwa kuliko ya kiwandani ukidhani unaongeza usalama. Rejeta ya umri ule itapasukia kwenye maungio.

Themostati, valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, ijaribu kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto. Inatakiwa ianze kufunguka karibu na namba iliyochapwa juu yake, kwa mfano 82. Wapo mafundi wanaoitoa kabisa gari likichemsha. Mimi sikubaliani nao. Injini isiyofikia joto lake hula petroli na kujisaga, na chanzo cha kuchemsha kinabaki pale pale.

Pampu ya maji ishike kwenye puli uitikise: ikicheza, beringi imekwisha. Chini yake kuna kitundu kidogo, na alama ya maji yaliyokauka hapo inakwambia sili imeanza kuachia. Mkanda wa feni ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili uzame sentimita moja au moja na nusu. Wenye Volkswagen Beetle wauheshimu mkanda huo mara mbili, kwa kuwa ndio unaozungusha jenereta pamoja na feni inayopoza injini. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka ghafla barabarani, simama hapo hapo na uzime.

Kama yote haya yako sawa na bado linachemsha, usirudi kwenye rejeta. Angalia taimingi iliyochelewa, yaani plagi kutoa moto baada ya wakati wake, au kabureta inayotoa petroli kidogo kuliko hewa inavyohitaji.

Hatua ya 5: Petroli

Gari lilibuniwa kwa petroli yenye risasi, na petroli hiyo haipo tena. Algeria, nchi ya mwisho kuiuza kwa magari, iliacha Julai 2021. Risasi ilikuwa inalinda siti za valvu za ekzosi, pale valvu zinapokalia zikifunga, kwenye silinda hedi za chuma laini. Kwa mizunguko ya mjini unaweza usione tofauti kwa miaka. Kukimbia saa nyingi kwa kasi kubwa na mzigo ndiko kunakozila. Kama hedi yako haijawahi kuwekewa siti ngumu, tumia dawa ya kuongeza kwenye tangi inayotaja kulinda valvu, na punguza kasi. Kabla ya kuondoka pima nafasi (mianya) za valvu zote injini ikiwa katika hali ambayo kitabu kinataka, baridi au moto, uzirekebishe na uandike namba za kila silinda. Zitakuja kukufaa.

Petroli nyingi za leo zina ethanoli, aina ya alkoholi. Hiyo hulainisha raba za zamani na kung'oa utando uliokauka ndani ya tangi, kisha uchafu wote unakimbilia kabureta. Badilisha paipu zote za petroli kwa zile zinazostahimili ethanoli, weka filta mpya kati ya tangi na pampu, na ubaki na nyingine mbili. Petroli iliyokaa miezi mingi ndani ya tangi imwage.

Tatizo jingine ni petroli kugeuka mvuke ndani ya paipu kabla ya kufika kwenye kabureta. Linakuja siku ya joto, baada ya kusimama kidogo na injini moto: gari linawaka, linatembea mita mia mbili, linakohoa na kuzima. Sogeza paipu mbali na ekzosi, rudisha kinga ya joto kama iliwahi kutolewa. Likikupata njiani, fungua boneti, funga kitambaa chenye maji kwenye pampu ya petroli na usubiri.

Hatua ya 6: Pointi, plagi na umeme

Zungusha injini kwa mkono mpaka kisigino cha pointi kikae kileleni mwa kemu, kile kijiti chenye pembe kinachozunguka ndani ya distributa, kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Ingiza filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa magari mengi ya silinda nne kipimo ni 0.4 mm hivi. Kibati kipite kwa kukwaruza kidogo, bila kusukuma pointi zifunguke zaidi. Paka grisi kidogo sana kwenye kemu, kwani ikizidi inarukia pointi. Taimingi iweke baada ya hapo, kamwe si kabla, kwa sababu nafasi ya pointi ikibadilika taimingi nayo inahama.

Kondensa inayofanya kazi iache ilipo. Kuhusu pointi, rota na kifuniko cha distributa, fanya hivi: funga mpya sasa hivi, na zile ulizozitoa, kama bado nzima, zifute na uziweke kwenye sanduku la spea. Kwa njia hiyo kila spea unayobeba ilishawahi kuliwasha gari hili. Spea ambayo haijawahi kutoka kwenye boksi lake ni ahadi tu. Na hata kama umeshahamia kwenye moto wa kielektroniki, beba seti ya pointi. Pointi huchoka kwa kukuonya; moduli ya elektroniki inaweza kufa ghafla.

Umeme wenyewe, anza na erthi. Fungua kila waya unaofungwa kwenye bodi au injini, kwangua mpaka chuma king'ae, funga tena. Taa hafifu na stata mvivu mara nyingi hupona hapo. Betri ya volti 12 iliyotulia isome karibu 12.6, injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, chaji iwe kama 14. Jenereta za zamani hazichaji sana kwenye foleni, kwa hiyo usiku ukiwa na taa na wipa unakula betri. Angalia pia kama gari lako lina erthi ya pozitivu, yaani upande wa pozitivu wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, jambo la kawaida kwa magari ya Uingereza hadi miaka ya 1960, kabla hujachomeka chaja ya simu yenye ganda la chuma. Mengi ya magari hayo yana fyuzi mbili tu kwa karibu vitu vyote, kwa hiyo chochote unachoongeza kiwe na fyuzi yake.

Hatua ya 7: Oili na grisi

Badilisha oili na filta. Injini nyingi za wakati huo hupenda oili ya uzito wa 20W-50 yenye zinki ya kutosha, kwani oili za kisasa zimepunguziwa kemikali hiyo ili kulinda vichuja moshi ambavyo gari lako halina. Giaboksi yenye pete za shaba isiwekewe oili ya gia ya daraja la GL-5 kama kitabu kinasema GL-4. Pampu grisi kwenye kila nipeli mpaka ile ya zamani itoke, na kama moja inakataa, ifungue uizibue, usiiruke. Nyanyua magurudumu ya mbele uyatikise juu na chini kutafuta beringi zilizolegea.

Hatua ya 8: Safari za majaribio

Ya kwanza iwe ya saa moja. Ukirudi, kaza upya klampu zote na nati za magurudumu. Ya pili iwe ya nusu siku, na ya tatu ya siku nzima na mzigo wote utakaobeba, sehemu yake usiku. Kila unaposimama, baada ya kutembea kipande kirefu bila kushika breki sana, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu kabla ya kuligusa. Moja likiwa moto kuliko wenzake, ama breki haiachii ama beringi inaumia. Sijaona kipimo rahisi kinachosema mengi kama hiki.

Pima oili iliyoliwa na petroli iliyotumika, ujue gari lako linakwenda umbali gani kwa tangi moja. Geji za petroli za zamani zina utani mwingi.

Hatua ya 9: Sanduku la spea

Agosti 1888 Bertha Benz alitoka Mannheim kwenda Pforzheim na wanawe wawili, kama kilomita 100, kwenye gari la mumewe. Njia ya petroli ilipoziba aliizibua kwa pini ya kofia, breki zilipolika fundi viatu alizipigia ngozi, na mafuta aliyapata kwenye duka la dawa mjini Wiesloch, huku akiongeza maji njiani. Mafuta, breki, maji: orodha yako haijabadilika sana, ila unaweza kujiandaa vizuri zaidi.

Beba mkanda wa feni, paipu za rejeta za juu na chini, zile pointi, rota na kifuniko cha distributa ulivyovitoa, plagi, filta za petroli, diaframu ya pampu ya petroli kama yako hufunguliwa, balbu, fyuzi, mita mbili za waya na klampu za ukubwa tofauti. Ongeza lita tano za maji, lita mbili za oili, chupa ambayo haijafunguliwa ya maji ya breki, kizima moto mahali ambapo mkono unafika umekaa, na kipimaumeme. Spana ziwe za vipimo vya gari hilo, milimita au inchi. Kabla ya kuondoka, ondoa gurudumu moja kwa jeki na spana utakazobeba, si zile za gereji. Hapo utajua kama jeki inatosha chini ya gari lenye pancha.

Hatua ya 10: Njiani

Kila asubuhi injini ikiwa baridi: oili, maji, mkanda, matairi. Gari lenye uwezo wa kilomita 120 kwa saa liendeshe kati ya 80 na 90. Simama kila baada ya saa mbili, na ukitoka kwenye mwendo mrefu iache injini iungurume dakika moja kabla ya kuzima. Geji ya joto ikianza kupanda mlimani, washa hita mpaka mwisho na ufungue madirisha. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Kifuniko cha rejeta usikifungue mpaka uweze kukishika kwa mkono mtupu.

Ukisharudi nyumbani, chukua zile namba za nafasi za valvu ulizoandika na upime tena, injini ikiwa katika hali ile ile. Nafasi za ekzosi zikiwa zimepungua kwa namna inayoonekana, valvu zinazama kwenye siti zake, na hedi iende kwa fundi wa mashine ikawekewe siti ngumu kabla hujapanga safari nyingine. Zikiwa hazijasogea, dawa na mwendo uliochagua vinatosha.